Fundi wa umeme wa malori Nakuru: taa ya ABS imezimika, na haijarudi

Kama lori lako linapita Nakuru na dashibodi imeshika taa ya njano isiyotaka kuzimika, lipeleke kwa huyu fundi wa upande wa Industrial Area, uwanja wa murram uliozungushiwa mabati. Nina vichwa viwili vinavyovuta trela, vinatoa mahindi Kitale na kurudi na mbolea. Taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukipiga breki, ilikuwa imeng'ang'ania kwenye kimoja. Gereji ya kwanza tuliyoenda iliunganisha mashine, ikafuta hitilafu, ikaniuzia sensa mpya ya gurudumu. Dereva hakuwa amefika Mau Summit taa ikawaka tena. Pesa yangu haikurudi.

Huyu wa Nakuru hakukimbilia mashine. Alimgeukia dereva kwanza: "Mzee, hii taa huwaka saa gani? Ukiwasha injini ama ukiwa njiani?" Dereva akamjibu kwamba huzimika gari likianza kwenda, kisha hurudi baada ya kona kali. Fundi akatikisa kichwa, ndipo akachomeka waya wa kompyuta. Namba iliyotoka ni 791. Alitueleza kuwa kwenye J1939, lugha ya pamoja ya kompyuta za malori, namba hiyo ni sensa ya ABS ya ekseli ya pili, gurudumu la kushoto, na kwamba kando yake hutokea namba nyingine iitwayo FMI inayosema kasoro ni ya aina gani. FMI 5 kwa kawaida ni waya umekatika au soketi imeachia, 3 na 4 ni volti kuzidi au kupungua. "Mashine inanionyesha mtaa," akasema, "nyumba natafuta mwenyewe."

Akaweka kabari kwenye magurudumu mengine, akaachilia breki ya mkono, akapiga jeki na kusimamisha ekseli juu ya stendi. Alipima sensa kwa mita: omu elfu moja na mia kadhaa, maana yake ni nzima. Akazungusha gurudumu kwa mkono huku mita ikisoma volti, na sindano ikainuka kidogo tu. Kisha akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Hata mimi niliyesimama pembeni nililiona.

Hapo ndipo nilipoelewa pesa yangu ilipotelea wapi. Sensa ya ABS hukaa ndani ya kibano kidogo cha chuma. Unaisukuma kwa mkono hadi iguse ringi ya meno, na gurudumu likizunguka linaisogeza lenyewe mpaka ibaki nafasi isiyofika milimita moja. Beringi ikilegea, ringi inayumba na kuisukuma sensa nyuma kila mnapopiga kona. Nafasi ikipanuka ishara inafifia, na kompyuta ya ABS inawasha taa. Ungefunga sensa mpya kila wiki, ingesukumwa vilevile. Alifungua habu, akaosha beringi, akazikagua moja moja, akabadilisha sili iliyokuwa inavujisha, akakaza nati kwa kipimo na kurudisha sensa ileile. Mara hii sindano ilipanda vizuri. Wakapanda na dereva hadi njia panda ya Njoro na kurudi, dashibodi ikiwa safi. Tangu hapo lori limepanda na kushuka Timboroa na taa haijarudi.

Kitu kingine kinachonifanya nimsifu ni kwamba haachi dereva aondoke mikono mitupu. Alimkalisha kwenye kiti chake na kupitia dashibodi naye. Njano: endelea kwa uangalifu, tafuta fundi. Nyekundu: simama. Taa ya presha ya oili ikiwaka nyekundu, injini inazimwa papo hapo kando ya barabara, hata kama gereji iko kilomita mbili mbele, kwa sababu beringi za krenki haziwezi kungoja. Taa ya maji kwenye dizeli: fungua koki ya chini ya chujio, mwaga maji mpaka itoke dizeli tupu.

Kwenye upepo wa breki alikaa muda mrefu, na nilifurahi. Taa na king'ora cha upepo mdogo huamka presha ikishuka karibu na ba 4, yaani psi 60 hivi. Ili kuvijaribu, weka kabari, zima injini, rudisha swichi, kisha kanyaga breki na kuachia mara kwa mara ukitazama geji. Visipoamka, lori halishuki mteremko wa Sachangwan. Akamweleza pia kwa nini kuteremka kuelekea Salgaa bila gia ni hatari: injini ikizunguka polepole bila kukanyagiwa mafuta, kompresa inasukuma upepo kidogo, na breki ndizo zinabeba uzito wote. Dereva wangu ana miaka mingi barabarani, na alisikiliza mpaka mwisho.

Mnaonunua lori lililotumika, jifunzeni hili kwake: fungua swichi bila kuwasha injini na uangalie taa zote. Zinafaa kuwaka kwa muda, kisha nyingine zizime, na ya ABS kwenye magari mengine husubiri gari litembee. Taa ambayo haiwaki kabisa inatia shaka kuliko inayowaka, kwa sababu wako wauzaji wanaong'oa balbu.

Kasoro zipo. Hakuna kivuli wala mahali pa kuketi, na Ijumaa foleni inafika barabarani. Mashine yake haisomi kila lori. Ukiwa na gari jipya la AdBlue (maji maalum ya kusafisha moshi wa dizeli) lenye matatizo ya moshi, atakwambia wazi uende kwa wakala, na hakutozi kwa kukuambia hivyo. Kinachonikera hasa ni risiti. Aliniandikia kwa kalamu, nami nahitaji ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi KRA, la sivyo hawaihesabu kama gharama ya biashara. Aliitoa siku iliyofuata baada ya kumpigia simu. Fundi wa kiwango chake asingoje kukumbushwa.

Kusoma mashine nililipa shilingi 2,500, na alinikatia pesa hiyo kwenye bei ya kazi kwa kuwa nilimpa yeye atengeneze. Fika mapema asubuhi. Nenda na dereva anayeliendesha lori lenyewe, maana maswali ni mengi na mwenye mali hana majibu yake. Na msiondoe nyaya za betri njiani mkijaribu kuzima taa, kwa sababu kwenye malori mengine kumbukumbu ya hitilafu inapotea na atalazimika kulitembeza upya mpaka kosa lijirudie.