Tela la kulala lililotengenezwa kwa ajili ya dubu, na siku zetu tatu nalo Ruaha

Mwishoni mwa Agosti, mimi na dada yangu mkubwa tulikodi tela dogo la kulala katika karakana moja ya mjini Iringa inayokodisha vifaa vya kambi, tukalikokota kwa gari letu takriban kilomita 130 kupitia Kalenga, Idodi na Tungamalenga hadi Msembe, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tulilipa shilingi 85,000 kwa kila usiku, na tulilala humo siku tatu. Naandika tathmini hii kwa ajili ya familia na marafiki ambao, kama sisi, wanatamani kulala porini lakini hawana amani ndani ya hema. Na nitajikita zaidi katika usalama dhidi ya wanyama, kwa sababu ndilo jambo ambalo mwenye tela alilisifia kuliko yote.

Tela hili liliingizwa nchini likiwa limetumika, kutoka Marekani. Lina umbo la tone la maji, umbo lililopata umaarufu huko katika miaka ya 1930. Ndani mna godoro la watu wawili na hakuna nafasi ya kusimama. Kila upande una mlango wake, juu kuna dirisha dogo la paa, na jiko liko nyuma, chini ya kifuniko kinachoinuliwa kama buti ya gari. Kuta ni plaiwudi iliyovikwa alumini, na hakuna kipande hata kimoja cha turubai. Kitabu chake cha maelekezo bado kimo kwenye droo, na karibu nusu ya kurasa zake zinamzungumzia dubu: namna ya kumzuia asisikie harufu, asifungue mlango, asizoee kambi.

Hapa kwetu dubu hayupo. Bara la Afrika lilikuwa na dubu wake mmoja, aliyeishi katika milima ya Atlas huko kaskazini, na alitoweka katika karne ya 19. Hata hivyo nilikisoma kitabu kile chote usiku wa kabla ya safari, na nakiri kwamba kilinifundisha kupanga kambi kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa, kwa kuwa dubu anaongozwa na pua na tumbo, na wanyama wengi wanaosumbua kambi zetu wanaongozwa na vitu hivyo hivyo viwili.

Nianze na kuta. Katika kambi ya Fishing Bridge, iliyomo ndani ya hifadhi ya Yellowstone huko Marekani, mahema na matela ya turubai hayaruhusiwi kwa sababu ya dubu. Anayetaka kulala pale ni lazima awe ndani ya kuta ngumu. Kambi za umma za Ruaha hazina uzio, na hema linaruhusiwa, na watu wengi wamelala salama ndani ya hema lililofungwa vizuri. Lakini tofauti niliyoihisi ilikuwa kubwa. Usiku wa kwanza fisi walipita karibu kiasi cha kusikia miguu yao kwenye majani makavu, na simba wakanguruma ng'ambo ya mto hadi karibu na alfajiri, na dada yangu, ambaye miaka miwili iliyopita alikesha ameketi ndani ya hema akiwa ameshika tochi, safari hii alilala. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kuhalalisha bei.

Kasoro kubwa ya umbo hili iko jikoni. Kanuni inayofundishwa kwa wapiga kambi wa porini katika nchi ya dubu ni kupika na kuhifadhi chakula takriban mita 90 kutoka mahali pa kulala. Katika tela la umbo la tone, jiko limetenganishwa na kichwa cha mtu aliyelala kwa ukuta mmoja wa mbao. Mtengenezaji analijua tatizo hilo, kwani amebandika karatasi ndani ya kifuniko inayosema kwamba chakula, sabuni, dawa ya meno na mafuta ya kujipaka visilale humo. Ni onyo zuri, ila karakana haikutueleza chochote kuhusu hilo wakati wa kukabidhiana, na kama nisingekisoma kitabu tungelala tumeegemea begi la samaki wakavu wa Mtera tuliowanunua sokoni Iringa.

Tulichofanya ni hiki. Tulitumia jiko la gesi la tela kuchemshia maji tu, na chakula chenye harufu tulikipika kwenye banda la kupikia la kambi, tukala kabla jua halijazama, tukaosha vyombo palepale, kisha vyakula vyote tukavifungia ndani ya gari huku vioo vimepandishwa. Katika hifadhi ya Yosemite, nayo ya Marekani, kuacha chakula ndani ya gari usiku kumepigwa marufuku, kwa sababu dubu weusi wa huko wamejifunza kuvunja vioo na kuikunjua milango ya magari kama mtu anayefungua kopo. Wageni hutumia makabati ya chuma yaliyowekwa kambini. Ruaha sikuona makabati ya namna hiyo, na gari lililofungwa ndilo kabati letu. Sharti langu ni moja: machungwa, maembe na mapapai yaishe kabla ya kuingia getini. Tembo husikia harufu ya matunda kwa mbali, na huko Mana Pools, Zimbabwe, wageni hukatazwa kabisa kuingia na matunda ya jamii ya machungwa kwa sababu hiyo.

Sasa nifike kwenye kitasa, kwa sababu hapo ndipo tela hili lilipotuangusha.

Kifuniko cha jiko kina kitasa cha aina ileile inayowekwa kwenye mapipa ya taka katika nchi ya dubu. Kifyatulio chake kimefichwa ndani ya mfuko wa chuma, na ili kukifungua ni lazima uingize vidole chini, ukunje kiganja, uvute kuelekea juu. Wazo lake ni la busara: dubu ana nguvu za kutosha kung'oa mpini wa kawaida, lakini makucha yake marefu hayawezi kukunjwa ndani ya nafasi ile ndogo. Kitasa hiki hakishindani na nguvu za mnyama. Kinategemea kwamba mnyama hana vidole kama vyetu. Nyani anavyo. Asubuhi ya pili, tukiwa mbele ya tela tunakunywa chai, nyani dume mkubwa alipanda juu ya gurudumu, akaingiza mkono ndani ya mfuko ule wa chuma, akajaribu mara mbili, na mara ya tatu kifuniko kikafunguka. Aliondoka na mkate na kopo la sukari, vitu ambavyo sisi wenyewe tulikuwa tumevirudisha jikoni kwa ajili ya kifungua kinywa.

Askari wa hifadhi aliyekuwa akipita alisimamisha gari na kutusalimia. Dada yangu alimweleza yaliyotokea, naye akasema, "Poleni, mama. Kesho atarudi saa hii hii, maana amepata." Na kweli alirudi, akakuta tumepitisha waya mnene katika tundu la kitasa na kuusokota kwa koleo. Maneno yale ya askari yanafanana kabisa na yale yanayosisitizwa katika kitabu cha tela: dubu aliyeonja chakula cha watu mara moja hurudi, huzidi ujasiri, na mara nyingi mwisho wake ni kuuawa na mamlaka zinazolinda watu. Niliumia kufikiri kwamba uzembe wetu wa dakika kumi ulimfundisha nyani yule somo baya. Kwa hiyo ushauri wangu kwa yeyote atakayelikodi tela hili ni kununua kufuli dogo mjini kabla ya safari, kwani tundu la kulipitishia lipo tayari, na kulifunga mchana pia, hata kama mmeketi mita tatu kutoka hapo.

Kuna jambo jingine ambalo kitabu cha dubu hakiligusi, nalo ni maji. Tela lina tangi la lita 60 chini ya sakafu, na bomba lake la kutolea maji lilikuwa likidondosha tone moja baada ya jingine tangu tulipolipokea. Tangu 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukiacha kutiririka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, hasa kwa sababu ya maji yanayochotwa kwa kilimo cha umwagiliaji kule Usangu, na tembo huchimba mchanga kwa mikonga na miguu ili wayafikie maji yaliyo chini. Mnyama mwenye kiu ya namna hiyo hawezi kulipita bomba linalovuja. Usiku wa pili tembo jike alisimama ubavuni mwa tela kwa muda ambao sikuweza kuupima, akipitisha mkonga chini ya sakafu, na tulisikia pumzi yake kwenye ukuta. Hakuvunja kitu, na sisi hatukusema neno. Kulipokucha tulimwaga maji yote mbali na kambi, na usiku wa tatu tulikuwa na chupa za kunywa tu, ndani ya gari. Karakana inapaswa kubadilisha mpira wa bomba lile kabla ya kumkabidhi mteja mwingine.

Kwenye ukuta wa ndani kuna kishikilio kitupu cha kopo la dawa ya pilipili, ile inayopuliziwa dubu anaposhambulia. Hatukuihitaji. Dawa hiyo hufanya kazi katika umbali wa mita chache tu, na mtu aliyefika mita chache kutoka kwa tembo ameshakosea mapema zaidi. (Pilipili yenyewe si ngeni kwa tembo wetu, katika maeneo mengi wakulima wa kandokando ya hifadhi huning'iniza kamba zilizopakwa oili na pilipili kuzunguka mashamba.)

Kinachostahili sifa bila masharti ni milango miwili na dirisha la paa. Tuliegesha bila kulifungua tela kutoka kwenye gari, gari likielekea njia ya kutokea, na funguo zikining'inia kando ya mto wa kulalia. Kabla ya kushuka asubuhi, mmoja wetu alisimama kwa magoti kwenye dirisha la paa na kuangaza pande zote, kisha tukachagua mlango wa upande ulio wazi. Katika hema lenye mlango mmoja hupati hiari hiyo. Usiku hatukutoka kabisa. Tulikuwa na ndoo yenye mfuniko, na nafasi yake miguuni mwa godoro inatosha.

Kuhusu mengine nitakuwa mfupi. Vumbi liliingia kupitia bawaba za kifuniko cha nyuma kwa sababu barabara baada ya Tungamalenga ina matuta kama mgongo wa bati. Springi ni ngumu lakini imara. Atakayelipeleka Kitulo, ambako baridi ndiyo adui kuliko mnyama yeyote, atafurahia kuta zake, ila aongeze blanketi la pili.

Tulipolirudisha, nilimweleza kijana wa karakana kuhusu nyani na bomba. Alisikiliza, akaandika kwenye daftari, akatupunguzia shilingi 20,000, jambo ambalo sikuliomba lakini nililishukuru. Tumelikodi tena kwa wiki ya pili ya Oktoba, kwa sharti kwamba bomba litakuwa limetengenezwa, na kufuli nimeshalinunua mwenyewe.