Mafunzo ya kupima hulka kazini: tulichopata kiwandani kwetu

Nasimamia uzalishaji katika kiwanda cha uchapaji huku Industrial Area, Nairobi, upande wa Lunga Lunga. Tunachapa kalenda, shajara, vitabu vya risiti, kadi za harusi na, kuliko vyote, programu za mazishi, yaani vijitabu vya ratiba ya ibada vyenye picha ya marehemu. Mwaka huu mwenye kiwanda alikubali kulipia siku moja ya mafunzo ya kupima hulka za wafanyakazi, yale ya MBTI, ambapo kila mtu hupewa herufi nne za aina ya hulka yake, ambayo maofisi ya Upper Hill na Westlands yameyazoea. Kabla ya kulipa nilitafuta maoni ya mtu mwenye karakana kama yetu nikakosa. Waliosifu wote walikuwa watu wa benki na mashirika. Kwa hivyo naandikia wenzangu wa gereji, viwanda vidogo na maduka ya jumla.

Tulilipa shilingi 4,500 kwa kila mtu. Tulikuwa watu 19, mwenye kiwanda akiwemo. Mshauri alitufuata kazini Jumamosi, mashine zikiwa zimezimwa, tukaketi pale tunapolia chakula. Simtaji jina, kwa sababu nina malalamiko kidogo na huduma hii inauzwa na wengi kwa mtindo uleule.

Shida iliyotufanya tumwite ni hii. Familia inakuja Jumatano jioni, mazishi ni Ijumaa au Jumamosi huko Siaya, Murang'a au Machakos, na gari linatoka mochari alfajiri. Kijana wa mauzo anaingia kwa mashine akiongea tangu mlangoni: "Fundi, kurasa nane, kopi mia tatu, ni ya leo leo!" Wakati huo fundi ameinama analenganisha rangi. Picha ya rangi kamili kwenye mashine ya ofseti inatokana na pleti nne, yaani sayani, majenta, njano na nyeusi, na kila moja lazima iangukie juu ya mwenzake sawasawa. Ikihama hata kidogo tu, uso wa marehemu unatoka na kivuli na karatasi zinatupwa. Basi fundi hajibu. Kijana anaona amedharauliwa, anapanda kwa bosi. Bosi anashuka ngazi sauti ikiwa juu. Wiki ikiisha kila mtu amenuniana na mwenzake, na karatasi iliyoharibika ipo kwa stoo, inahesabika.

Asubuhi mshauri alitueleza asili ya kipimo. Mwaka 1921 Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alitoa kitabu kuhusu aina za watu. Huko Marekani mama mmoja, Katharine Cook Briggs, na bintiye Isabel Briggs Myers wakayachukua mawazo hayo, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Isabel akaanza kutunga maswali ya kumsaidia mtu ajue kazi inayomfaa. Kutoka hapo zikapatikana aina 16, kila moja na herufi zake nne. Mshauri hakusema, na nadhani wateja wanafaa kuambiwa, kwamba mama huyo na bintiye hawakuwa wamesomea saikolojia. Wenzangu wengi waliitikia kwa kichwa, maana semina za ndoa kanisani zimeshawazoesha aina nne za hulka: sangwini, koleriki, melankoliki na flegmatiki, mafundisho yanayotokana na waganga wa Ugiriki ya kale.

Sehemu iliyostahili pesa zetu ilikuja baada ya chai. Alitugawa pande mbili za chumba. Huku waliokaa ni wanaofikiri kwa kuongea, kule ni wanaofikiri kwanza ndipo waongee. Kila mmoja akajibu swali moja tu: ukitaka nikufanyie kazi vizuri, niletewe vipi? Kijana wa mauzo alijibu haraka, kwamba yeye akiongea ndipo kazi inampangikia kichwani, na akinyamaziwa anahisi amefukuzwa. Kisha fundi akasimama. Huyu ni mtu wa makamo ambaye mikutanoni husema "sina la kuongeza" na kuketi.

"Mzee," alimwambia mwenye kiwanda, "nikiletewa kazi kwa mdomo nikiwa kwa mashine, siishiki. Si kwamba nakataa. Na nikipigiwa kelele mkono unatetemeka, rangi inahama."

Mwenye kiwanda alimtazama. "Na kwa nini hukuniambia miaka hii yote?"

"Ningekwambiaje, Mzee? Ningeonekana sina adabu."

Chumba kizima kilitulia. Kwa maoni yangu, siku yote ya mafunzo ilikuwa katika jibu hilo. Sisi tumelelewa kwamba mdogo hamkosoi mkubwa, na aliyeajiriwa hamfundishi aliyemwajiri. Sanduku la maoni lipo kwa mapokezi, halijawahi kupata karatasi ya maana. Lakini mtu akishapewa herufi zake, anaweza kusema "watu wa aina yangu hufanya kazi hivi" na asionekane analalamika wala kumshtaki yeyote. Lawama inabebwa na karatasi, heshima ya pande zote mbili inabaki. Sijui njia nyingine iliyofanya hivyo kwetu, na nalithamini sana.

Jumatatu tukatengeneza kadi ya kazi: saizi ya karatasi, uzito wake kwa gramu, idadi, mikunjo, aliyesaini prufu (nakala ya kwanza ya kukaguliwa) na saa ya kuchukuliwa. Kijana wa mauzo anaijaza, anaining'iniza kwenye msumari karibu na mashine, na haongei na fundi mpaka fundi ainue kichwa. Kazi ikiwa ya mazishi kadi ni nyekundu. Naye fundi ana wajibu wake: akiisoma anaweka sahihi, ili kijana ajue amesikika. Karatasi ya kutupwa imepungua kwa kiasi ambacho karani wa stoo aliniuliza kama kazi zimekwisha. Mwenye kiwanda bado anashuka ngazi, ila sasa anasimama kando ya msumari na kusoma.

Nasema wazi kwamba kadi ndiyo iliyookoa karatasi. Aina za hulka zilitufikisha kwenye mazungumzo yaliyoizaa kadi, basi. Mshauri akikuahidi kwamba herufi nne zenyewe zitaongeza ufanisi, mwambie akuonyeshe ni utaratibu gani wa kazi utabadilika.

Sasa kasoro. Maswali yenyewe tulijaza kwa simu, na mengi yalihusu sherehe na wageni: uko vipi ukiwa kwenye kundi la watu? Fundi wetu asiyeongea kazini ndiye mwenyekiti wa kamati za mazishi mtaani kwao, na Jumapili anaongoza kwaya. Ajibu kwa yupi kati ya hao wawili? Aliuliza, akaambiwa ajibu "kwa kawaida". Matokeo yakamweka kwenye wapole, yaani "watu wa ndani" wanaofikiri kwanza ndipo waongee, na ni kweli kwa mashine, si kweli kwa kwaya. Hata wataalamu wa saikolojia wana lalamiko hilo: kipimo kinamkata mtu kuwa huyu au yule, wakati watu wengi wako katikati, na si ajabu mtu akirudia baada ya wiki chache kupata herufi tofauti. Watafiti hupendelea kipimo cha sifa kuu tano, ambacho humpa mtu kiwango badala ya kumtia kwenye fungu.

Kisha kukatokea hili. Karatasi za maelezo zilipogawiwa, karani wetu wa hesabu alipewa ya mtu mwingine. Aliisoma yote, akapigia mistari, akamsomea jirani yake, akasema huyu mshauri amenijua kuliko mume wangu. Ni dada wa mapokezi aliyegundua jina la juu si lake. Mshauri akazibadilisha haraka na kuendelea. Ningependa angesimama hapo. Mwaka 1948 Bertram Forer, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya hulka, kila mmoja akidhani ni yake peke yake, kumbe yalikuwa yaleyale kwa wote. Kwa wastani waliyapa alama 4.26 kati ya 5. Kundi la watu wazima likielezwa jambo hilo linaweza kutumia karatasi zile kwa akili. Likifichwa, linaziamini kama kadi ya kliniki.

Na imani hiyo ina madhara. Nairobi tuna mazoea mabaya ya kumweleza mtu kwa kabila lake: huyu ni mkali kwa sababu ni wa kule, yule anapenda pesa kwa sababu ni wa huku. Nilifurahi kusikia watu wanaelezana kwa namna nyingine. Lakini haikuchukua muda kijana wa mashine ya kukata akaomba kujifunza mauzo, akajibiwa na mkubwa wake, "Wewe ni wa ndani, wateja huwawezi." Hilo liliniudhi kabisa. Ni ubaguzi uleule umevaa herufi mpya. Mimi mwenyewe nilimpeleka kijana kwa wateja wa shule, na sasa anaenda peke yake.

Mwenye kiwanda naye aliuliza kama tunaweza kuwapima wanaoomba kazi. Hapa nampa mshauri heshima yake: alikataa bila kuzunguka. Taasisi zinazosimamia kipimo hicho zenyewe zinasema kukitumia kuchagua waajiriwa si uadilifu. Mimi niliongeza kwamba matokeo yale ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka zitumike kwa kusudi lililotajwa wakati zinachukuliwa. Tulikubaliana kila mtu abaki na karatasi yake, na nakala isiingie kwenye faili la mfanyakazi. Jambo hili lisimamie kabla hujasaini chochote.

Ningemwita tena? Ndiyo, kwa nusu siku na nusu ya bei, bila maswali ya simu. Alete zoezi la pande mbili na lile swali la kuletewa kazi, na mwenye kampuni awepo chumbani tangu mwanzo, maana asipokuwepo wafanyakazi watasemezana wao kwa wao na hakuna kitakachosogea. Wenye duka la watu wanne au watano wanaweza kulifanya zoezi hilo wenyewe na chai ya saa nne. Kama timu yenu ina watu wasiopenda kusoma kwa simu, ombeni karatasi mapema. Na chakula cha mchana hakimo kwenye kotesheni: sisi tulijua asubuhi hiyohiyo, ikabidi tuagize pilau mbio mbio.