Msonobari na mahindi: njia mbili za kutunga mbegu

Msonobari ni mmea wa mbegu uchi: ovuli zake, yaani vijimbegu ambavyo havijatungishwa, hukaa juu ya magamba ya koni, bila ovari (kifuko cha ovuli) ya kuzifunika. Upepo huleta chavua yenye vifuko viwili vya hewa, na tone la majimaji huinasa na kuivuta ndani. Kisha ni kungoja: utungisho huja karibu mwaka mzima baadaye. Akiba ya chakula huanza kujengwa kabla ya hapo, kwa hiyo yai lisipotungishwa, ni hasara tupu.

Mahindi humaliza kazi hiyo kwa takriban saa 24. Chavua ya mbelewele ikitua kwenye ndevu, mrija wake huteremka hadi kwenye ovari. Gameti (seli ya uzazi) moja ya kiume hutungisha yai. Ya pili huungana na viini viwili vilivyo ndani ya ovuli kuunda endospamu, yaani akiba ya chakula, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya unga wa ugali. Ubanaji matumizi wa kupendeza kweli: hakuna utungisho, hakuna akiba.

Lakini kila uzi wa ndevu ni wa punje moja tu. Ukame ukizichelewesha, mbelewele huwa zimekwisha kumwaga chavua, na gunzi hutoka na mapengo. Maji yakiwa haba, yanyweshe mahindi kuanzia wiki mbili kabla ya ndevu kuchomoza hadi wiki mbili baadaye.