Uzoefu wangu na Observe and Report, muvi ya mlinzi iliyotugawa sebule nzima

Nianze na tahadhari kabisa nisije kulaumiwa: hii muvi wanaiweka foda ya komedi lakini usije ukathubutu kuiwasha jumapili mchana watoto wamekaa kwenye zulia, na kama mama mkwe yupo ndo usahau kabisa. Kuna jamaa anakimbia uchi kwenye paking tangu mwanzo, matusi hayana breki, kuna madawa, kuna damu, na kuna sehemu moja ya chumbani nitaieleza huko chini ambayo ndo chanzo cha ugomvi wote. Na pia naisimulia mpaka mwisho so kama hujaiona na hupendi kusimuliwa we ishia hapahapa.

Haya. Ni muvi ya 2009, imeandikwa na kuongozwa na Jody Hill, steringi ni Seth Rogen anayeitwa Ronnie Barnhardt, mkuu wa walinzi wa moli inaitwa Forest Ridge. Ronnie anakaa na mama yake ambaye ni mlevi wa kutupwa, ana ugonjwa wa akili unaitwa baipola na anakunywa vidonge, na anampenda kufa Brandi (Anna Faris) muuza vipodozi ambaye hana hata habari nae. Sasa anatokea huyo jamaa wa kujianika uchi mbele ya akina mama kwenye paking, Ronnie anaona ndo nyota yake imewaka, ye ndo atamkamata, mara wanaletwa polisi wa kweli wakiongozwa na mpelelezi Harrison (Ray Liotta) na hapo roho inamuuma maana kesi yake imechukuliwa. Basi anaamua na yeye aombe upolisi, na akili ikampeleka kwamba vidonge havihitaji tena.

Nilivoipata ni kwamba nilipeleka flashi kwa dogo anayetuwekea muvi mtaani, nikamwambia niwekee za kucheka, akaniwekea hii pamoja na Paul Blart: Mall Cop akasema "chukua zote bro zinafanana". Na kweli ukisikiliza kwa juu juu zinafanana: mlinzi wa moli, mnene, ana ndoto za upolisi, kapenda muuzaji wa humohumo ndani. Zilitoka mwaka mmoja, ile ya Paul Blart (steringi Kevin James) Januari na hii April. Ile ikakusanya zaidi ya dola milioni 180 duniani, hii ikaishia kama milioni 27 hivi na kuitengeneza tu iliwatoka kama 18. Mi nadhani nusu ya hasira za watu kipindi kile ni hiyo tu, mtu kaenda sinema akijua anaenda kuona mlinzi anaanguka anguka na kile kipikipiki cha kusimama, akakutana na mtu mgonjwa anayetaka kupewa bunduki. Hata wakosoaji kule Rotten Tomatoes waligawana karibu katikati, ni wachache waliosema "iko poa tu", ni ama wameipenda kinoma ama wameichukia.

Kwetu tulikuwa wanne. Mimi, mke wangu, mdogo wangu ambaye anacheka kila kitu, na mshkaji wangu mmoja tuliyekuwa nae lindo moja zamani. Ndio, mi nishawahi kuwa mlinzi kwenye moli moja hapa Dar, mafunzo ya mgambo, kirungu, filimbi, kile kioo cha kuchungulia chini ya magari, masaa 12 umesimama, sare wanakukata kwenye mshahara, na mwisho wa mwezi unaambiwa subirini mteja hajalipa kampuni. So hii muvi siwezi kuiangalia kama mtu baki na sitajifanya.

Mdogo wangu alianza kucheka mapema, na kiukweli sehemu nyingi zinachekesha. Kuna ile Ronnie na jamaa wa kwenye kibanda cha losheni (Aziz Ansari) wanatukanana tusi hilohilo moja, huyu analitoa yule analirudisha, huyu analitoa yule analirudisha, sauti zinashuka mpaka wanakuwa kama wananong'onezana, yani tulilia kwa kucheka wote hata wife. Na mama mtu (Celia Weston) anapomfariji mwanae anaahidi atapunguza kunywa, atahamia kwenye bia. Mwingine ni Dennis, msaidizi wake, Michael Peña, yule jamaa kwangu ndo kabeba muvi, anavoongea taratibu na kithembe chake unaweza ukadhani ni padri.

Mgawanyiko ulianza kwenye ile sehemu ya majibu ya upolisi. Ronnie kapimwa akili na mtaalamu, akamweleza kwa furaha kabisa ndoto yake ya kuangamiza wabaya wote na libunduki likubwa, sasa unategemea nini, kafeli. Harrison anamwita ofisini kumpa majibu, na anampa anajisikia raha kabisa, kumbe kuna askari mwenzake kamficha nyuma ya mlango aje asikilize ili wacheke. Katikati ya maongezi yule askari anatoka mwenyewe anasema alidhani itachekesha lakini anaona inasikitisha tu, anaondoka zake. Mdogo wangu akaangua kicheko. Mshkaji wangu akamgeukia, "sasa hapo unacheka nini". Na hakuwa anatania.

Mi hapo ndo niliielewa muvi. Yule askari wa nyuma ya mlango ni sisi tuliokaa kwenye makochi. Umeitwa uje ucheke, ukifika unakuta mtu mzima anaambiwa usoni hafai hata kuvaa ile sare anayoiota toka utotoni, halafu yeye anajikaza. Tuliokaa lindoni tunalijua hilo. Tulifundishwa kazi ya mlinzi ni kuona na kutoa taarifa, basi, ndo jina lenyewe la muvi, usijifanye polisi. Polisi akija pale moli anakuita "we mgambo", wateja wanakupita kama nguzo, ila siku kikipotea kitu ghafla unakumbukwa una kazi hapo. Ukikaa ndani ya hiyo hali muda mrefu unaanza kutamani litokee tukio, kubwa, ili uonekane. Sisemi kila mlinzi, lakini nimewaona, na kuna siku nilijiona hata mwenyewe.

Halafu sasa, chumbani. Ronnie anafanikiwa kumtoa Brandi out, Brandi analewa vibaya, anabugia na vidonge vya Ronnie juu ya pombe, anatapika, kinachofuata kamera inawakuta kitandani, yeye kalala hoi matapishi kwenye mto, Ronnie yuko juu yake. Ronnie anasita kama kashtuka, demu bila hata kufungua macho anamuuliza kwa ukali mbona umeacha. Imeisha, tunahamia sehemu nyingine. Mke wangu alinyanyuka akaenda jikoni na hakurudi kwa muda mrefu tu. Mdogo wangu akaanza utetezi wake, "lakini mwenyewe si kaongea". Sauti ikatoka jikoni kwamba mtu ambaye hajui yuko kitanda cha nani hana anachokubali, na kama angekuwa dada yenu mngekuwa mnatafuta panga saivi. Kimya.

Huko Marekani walibishana hivohivo 2009, wengine wakasema ni ubakaji umefanywa kichekesho, wengine wakasema muvi inakuonesha ubaya wa Ronnie na haijakwambia umpende. Mi niko upande wa mke wangu, na sio kwa sababu anaweza akasoma hapa. Sikiliza, muvi nzima Jody Hill hamtetei Ronnie hata kidogo, akiwa mbaguzi anakuonesha mbaguzi, akiwa na Dennis wanapiga watoto wa skate anakuonesha wanavopigwa. Sehemu moja tu ndo kamtengenezea mlango wa kutokea, ni hiyo sentensi ya Brandi. Kwamba ucheke halafu ujisemee ah kumbe demu alikuwa yupo. Kama ulitaka kutuonesha mtu mbaya tuoneshe mpaka mwisho, usimpe wakili dakika ya mwisho. Kwangu hilo ndo doa kubwa na siwezi kulisamehe kwa sababu tu nyingine zimenichekesha.

Kitu pekee tulichokubaliana wote wanne ni Nell (Collette Wolfe), yule binti wa kahawa aliyefungwa POP mguuni, kaokoka, anampa Ronnie kahawa ya bure kila siku na bosi wake anamnyanyasa mbele za watu. Siku Ronnie anamfuata yule bosi jikoni hata wife alisema "mpige".

Ugomvi wa pili ukaja kwa Dennis. Moli imekuwa ikiibiwa usiku, na kumbe mwizi ni yeye, msaidizi, mtu wa Ronnie wa karibu kuliko wote. Mshkaji wangu hapo alichemka. Akasema basi, hata Wamarekani wameshindwa kutunga muvi ya mlinzi bila mlinzi kuwa mwizi. Namuelewa, kwa sababu lindoni kikipotea chochote wa kwanza kuvuliwa viatu na kupekuliwa ni nyie, hata kama meneja wa duka ndo mwenye funguo. Ila mi sikuichukulia hivo. Dennis alishamwangalia Ronnie anavyohangaika na heshima, yeye akaamua heshima haina hela. Ndo mtu mwenye akili timamu kuliko wote kwenye ile moli, na ndo maana kanichekesha na kunitisha kwa wakati mmoja. Mshkaji hakukubali na mpaka leo hakubali.

Mwisho sasa. Yule jamaa wa uchi anaingia moli kabisa, anakimbia katikati ya watu, tunategemea Ronnie amkimbize amkamate kwa kirungu au kwa kujiangusha juu yake kama komedi zingine. Hapana. Anatoa bastola anampiga risasi kifuani, damu hizo, watu wanapiga kelele. Jamaa hafi, Ronnie anampakia anampeleka mwenyewe kituoni kwa Harrison, anawakabidhi, anawasema, na kila kitu kinamnyookea, TV zinamuhoji, kazi yake ipo, Nell yupo pembeni.

Mdogo wangu alipiga makofi, steringi kashinda. Mke wangu (alisharudi) akasema huyu mtu kafanya mabaya yote na muvi imemlipa. Mshkaji akaja na yake kwamba ile ya mwisho haijatokea, ipo kichwani mwa Ronnie maana vidonge alishaacha, na hiyo sio hoja ya kijinga kwa sababu Jody Hill mwenyewe ameshasema muvi ya Taxi Driver ya 1976 ilimvuta, na ile nayo watu wanabishania mwisho wake hivohivo. Mi naona imetokea kabisa, na ndo utani mchungu kuliko wote humo ndani: mtu yuleyule waliyempima wakamkuta hafai kushika bunduki, kashika bunduki, kaitumia kwa namna ileile waliyoiogopa, na safari hii kwa vile risasi imempata mtu ambaye kila mtu alikuwa hampendi basi ni shujaa. Angalia sura ya Harrison pale kituoni, hana cha kusema.

Mi naipa 7 kwa 10, mshkaji kaipa 6, mdogo wangu 9 ila hata Paul Blart aliipa 9 so msimhesabu, mke wangu 2 na akasema hizo 2 ni za mama Ronnie na Nell. Ni fupi, haifiki saa moja na nusu, na tafuta kopi yenye sabutaito maana Ronnie na Dennis wanamung'unya maneno balaa, vichekesho vingine nilivipata niliporudia peke yangu nimevaa hedifoni. Ile ya kutafsiriwa na madijei sikushauri, wanapiga kelele juu ya sehemu zinazotaka ukimya na ile ya ofisini kwa Harrison itakupita.