Dawa ya kutu kwenye fremu ya kwadi: kabla hujatoa hela yako, sikiliza huu mlio

Sikilizeni kwanza, maneno yatafuata. Dogo, leta maiki karibu na bomba. Haya. Hapa juu, chini ya tanki la mafuta: ting. Ting. Mlio mrefu, kama ile ringi ya gari inayopigwa shuleni watoto waingie darasani. Nashuka nao. Ting. Ting. Hapa kwenye kikanyagio cha kushoto: dup. Narudia. Dup. Nyundo ileile, mkono uleule, bomba lilelile, na kwa macho hapa ndipo pazuri kuliko pote, peusi, pamenyooka, hakuna hata alama ya kutu. Na hapa ndipo nilipopaka hii dawa siku tatu zilizopita.

Karibuni wadau. Hii ndiyo Honda TRX300 ya yule mzee wetu wa Kigamboni, kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, iliyozaa ujumbe mwingi kwenye simu yangu kuliko pikipiki zote nilizowahi kuwaonyesha. Toleo hili lilianza 1988 likaenda mpaka 2000, mambo ya injini na gia mnayajua na sitayarudia. Kitu kimoja tu ndicho cha kujua leo: miaka yote hiyo ilikuwa inabeba ndoo za samaki ufukweni, inapita kwenye maji ya chumvi, halafu inaenda kulala chini ya mwembe bila kuoshwa. Mnaoishi upande ule, Kigamboni, Kunduchi, Mbweni, mnajua hata bawaba za geti haziwezi kudumu.

Sasa kopo lenyewe. Lita 1, nimelinunua Kariakoo kwa shilingi 25,000. Jina la kampuni nimelifunika kwa solotepu, kwa sababu dawa za aina hii ziko nyingi na kilichomo ndani kinafanana. Ugomvi wangu ni na maneno ya kwenye lebo. Yanasema hugeuza kutu kuwa chuma imara. Jamani. Kutu haigeuki kuwa chuma kwa kupakwa kitu kwa brashi. Ingekuwa hivyo, meli zisingekuwa zinakatwakatwa kuwa skrepa.

Twende kwenye hiki kitu kilichoniudhi. Dogo, sogea, weka mwanga kwa pembeni. Mnaona hii ngozi nyeusi? Ni ngumu, kucha haiingii. Nachukua msasa, napitisha mara mbili, bado nyeusi. Fundi yeyote mwenye haraka akifika hapa atasema kazi imeisha, leta rangi. Sasa nachukua tindo hii ndogo, ncha yake naiegemeza tu, sipigi, nasukuma kwa kiganja… imeingia. Imeingia mpaka ndani ya bomba! Naitoa. Tazameni kinachodondoka. Hii takataka ya kahawia ni tabaka juu ya tabaka, kama chapati ya kusukuma ukiichana. Kila tabaka hapa lilikuwa chuma zamani. Narudia sentimita 2 mbele: imeingia. Sentimita 2 tena: inagoma, lakini inabonyea. Mbele zaidi, ting, chuma kizima.

Kwa hiyo kikanyagio ambacho mtu anasimamia kwa uzito wake wote akipanda tuta, kilikuwa kimeshikwa na ngozi nyeusi ya dawa na unga wa kutu. Nilipopima kwa venia, kwenye chuma kizima ukuta wa bomba ni milimita 2 na kidogo. Hapa umebaki chini ya 1, na pengine haupo kabisa. Mzee wangu huyu ana mjukuu anayependa kuiendesha. Ndiyo maana leo nimepandisha sauti, mtanisamehe.

Tuielewe dawa yenyewe. Ndani yake kuna asidi, mara nyingi ni fosforiki, nyingine zina tanini, ile inayofanya chai ya rangi iume ulimi. Fosforiki ikikutana na kutu inatengeneza fosfeti ya chuma, tanini inatengeneza kitu cheusi, vyote viwili vimetulia kuliko kutu. Hiyo ni kweli kabisa, sipingi. Shida ni kwamba inafanya kazi pale inapogusa tu. Kutu ikiwa nene, inageuza tabaka la juu na kuishia hapo. Chini kumebaki unyevu na chumvi ya bahari, na chumvi hiyo inavuta maji kutoka hewani, kwa hiyo chuma kinaendelea kuliwa huku juu pamepambwa. Na zaidi ya hayo, fremu kama hii haikuanza kuoza kwa nje. Ilianza ndani. Oneni hapa chini, kuna kitundu kidogo kiwandani walikiacha maji yatoke. Kimezibwa na mchanga, mgumu kama saruji. Maji yaliingia, yakakosa njia. Brashi yako ya dawa itafikaje humo?

Wenye kwadi au boda, kabla hamjanunua chochote, lazeni chombo ubavu, tafuteni hivi vitundu, mvizibue kwa waya. Ni bure.

Lakini nisiwe mtu wa kulaani tu. Geuza kamera kwenye keria ya mbele. Hii nayo nimepaka dawa ileile, siku ileile. Hapa kutu ilikuwa ya juujuu, nikaiosha keria kwa maji mengi na sabuni kutoa chumvi, nikaiacha jua kali, nikasugua kwa brashi ya waya mpaka unga ukaisha, ndipo nikapaka. Nagonga: ting. Natia tindo: haiingii. Rangi ya chini itashika vizuri sana hapa, hata kwenye hizi kona ambazo grainda haifiki. Kwa keria, kwa bampa, kwa geti la nyumbani, dawa ni nzuri, na nilipoanza kurekodi asubuhi nilitaka kusema msiinunue kabisa. Sasa nasema hivi: inunueni kwa vitu ambavyo vikivunjika haviumizi mtu.

Na 25,000 ni nyingi. Kuna unga wa asidi ya ndimu, ule wanaotumia watengeneza juisi na jamu, unayeyusha kwenye maji ya vuguvugu, unazamisha bolti na vipande vidogo usiku kucha, asubuhi unasugua, unasuuza, unakausha harakaharaka na kupaka mafuta kabla havijaanza kutu upya. Siki nayo inafanya, ila taratibu. Soda nyeusi ya kola, mliyoniuliza kama inatoa kutu, ndiyo, ina fosforiki, lakini kidogo mno, hela yako bora unywe. Njia ya umeme na magadi, yaani kuzamisha kipande kwenye maji ya magadi na kupitisha umeme, ni nzuri kuliko zote kwa vipande vikubwa, mradi usitumie chuma cha stenlesi upande wa chanya, kinatoa sumu ya kromu, na usifanyie chumbani kwa sababu inatoa hewa inayolipuka. Zote hizo, nasema tena, zinaondoa kutu. Hakuna inayorudisha chuma.

Kabla sijakata, taarifa fupi. Video ya injini imechelewa kwa sababu ringi za pistoni nilizoletewa zilikuwa za saizi nyingine, nazibadilisha wiki hii. Na Jumamosi saa 2 usiku tutakuwa moja kwa moja, leteni picha za fremu zenu tuzitazame pamoja. Mliojiunga wiki hii, asanteni sana, nawaona.

Sasa kazi. Nimekata bomba sentimita 4 zaidi ya pale tindo ilipoacha kuingia, pande zote mbili, maana ukichomelea kwenye chuma chembamba moto unakitoboa na unabaki unakimbiza matundu. Kabla ya kukata nilichomelea kipande cha chuma cha pembe kutoka upande huu mpaka ule, na nikapima mishazari miwili ya fremu kwa futi. Msiliruke hili! Fremu ikikatwa bomba moja bila kushikiliwa, inajikunja yenyewe, na kwadi itakwenda upande maisha yake yote.

Kwa ndani naingiza bomba dogo, linakaa kwa kubana, linaingia pande zote mbili kama kidole kwenye pete. Nje nimetoboa matundu mawili kila upande, nayajaza kwa moto ili bomba la ndani lishikane na la nje, ndipo nazunguka kiungo. Wengi mtaani tunatumia bomba la maji. Linafaa, lakini lile jeupe limepakwa zinki. Lazima uitoe yote kwa grainda kwanza, ndani na nje, ufanyie nje penye upepo. Moshi wa zinki unaleta homa usiku, unatetemeka kama mwenye malaria. Jirani yangu fundi iliwahi kumpata na akameza dawa za malaria bure.

Vijiti vya kuchomelea ninavyotumia ni aina ya 6013, vya milimita 2, siyo vile vya 2.5 mlivyozoea kwenye mageti. Mashine nimeiweka kwenye ampea 50 hivi. Nachoma kidogo, nahamia upande wa pili, naacha pale pa kwanza papumue, narudi. Na kama fremu yako bado ina vitu juu yake, toa betri, chomoa boksi la CDI, lile linaloendesha cheche za plagi, tanki la mafuta lisiwe hata karibu.

Nimemaliza. Mnaona mshono? Sio mrembo kila mahali, hapa chini nimebanwa na mabano ya injini, lakini umezama. Nagonga. Dogo, maiki. Ting. Kwenye kiungo chenyewe mlio ni mfupi kidogo kwa sababu bomba sasa ni mawili, lakini sikia mbele yake: ting. Na nyuma yake: ting. Umetoka upande mmoja wa fremu mpaka mwingine bila kufa njiani. Huu ndio mlio niliokuwa nautafuta tangu juzi.

Mtaniuliza imegharimu kiasi gani. Bomba, vijiti na diski za kukatia, 19,000. Chini ya kopo.

Siimwagii maji, siigusi. Inapoa yenyewe, maana ukikipoza chuma ghafla mshono unaweza kupasuka. Kesho asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaanza kuleta chumvi, napaka rangi ya chini, halafu namimina mafuta mazito ndani ya bomba kupitia kile kitundu, nageuza fremu huku na huku yafike kila mahali, na yanayobaki yatoke. Kitundu naacha wazi.