Regulata ya Saa, Mpira Mpya na Kengele ya Gesi: Nimevijaribu Uani Kwangu

Assalam alaykum, karibuni tena. Leo sirikodi jikoni, nimekaa hapa uani karibu na mtungi wenyewe. Vitu vitatu mnavyoviona mkekani nimevinunua kwa pesa yangu, hakuna aliyenipa, na kabla sijavifungua nikupeni kisa kilichonipeleka dukani.

Ilikuwa msimu wa doriani, lile tunda la harufu kali. Mavyaa wangu katoka kwa jirani baada ya isha, kafika mlangoni, kasimama. "Nani kaleta doriani akalificha?" Sisi tuliokuwemo ndani tunatazamana. Watoto wakaanza kupekua chini ya vitanda. Hakuna doriani. Mume wangu ndiye aliyekwenda kuinama kwenye mtungi, akaniita kwa sauti ya chini, ile ya kutokutisha watu. Ringi ya mpira ya pale koki inapokutana na regulata inayopunguza msukumo wa gesi, kale kaduara keusi kama pete ya mtoto, kamepasuka. Ukizima redio unasikia ssss.

Na bibi wa watu hakukosea. Gesi ya kupikia ni propani na butani, na zote mbili hazina harufu. Hutiwa dawa ya kunuka, mara nyingi ethanethioli, ili pua ishtuke. Sasa wanasayansi waliochunguza doriani wameikuta ethanethioli hiyo hiyo ndani ya tunda! Mwaka 2018 kule Melbourne, Australia, mamia ya watu walitolewa mbio kwenye maktaba ya chuo kikuu cha RMIT kwa hofu ya gesi, zimamoto wakaingia na vinyago vya hewa, kumbe ni doriani limeoza kabatini. Wao walinusa doriani wakadhani gesi. Sie wa Unguja tunanusa gesi tunauliza nani kaficha doriani.

Haya, cha kwanza, hii regulata yenye saa, yaani kipimo cha mshale. Sanduku linasema itakuonyesha gesi iliyobaki. Si kweli. Ndiyo maana utamsikia mtu analalamika: asubuhi mshale ulikuwa kwenye kijani, mchana gesi imekata na wali haujakauka. Ndani ya mtungi gesi imekaa kama maji, na juu ya maji yale kuna mvuke wake. Saa inapima msukumo wa mvuke. Maadamu chini kuna maji, hata yawe kikombe, msukumo haupungui, unapanda na kushuka kwa joto la siku tu. Yakiisha, mshale unaporomoka. Ukitaka kujua kilichobaki tumia mzani. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa kwenye chuma, hapa juu karibu na mkono, unaona? Pima mtungi, toa uzito huo, kinachobaki ndiyo gesi. Huna mzani, mwagia maji ya moto ubavuni kisha shusha kiganja taratibu. Panapoanza ubaridi ndipo gesi ilipofikia.

Lakini sikuirudisha, kwa sababu ina kazi nyengine ambayo sandukuni hawakuiandika. Funga vifundo vyote vya jiko. Fungua koki ya mtungi, mshale upande. Funga koki. Nenda kaswali, rudi. Mshale uko pale pale? Viungo vimeshika. Umeshuka? Pana mahali panavuja, na hapo ndipo unapochukua bakuli la povu la sabuni. Kwa kazi hiyo moja naipa alama nzuri. Kwa kazi waliyoitangaza, sifuri.

Cha pili ni mpira wa kupeleka gesi kwenye jiko. Niwaonyeshe kwanza wa zamani. Sogeza kamera. Nikiukunja hivi unafunguka nyufa, kama kisigino kisichojua mafuta. Na hapa, hivi vidoto viwili viwili, ni meno ya panya. Umekaa nyuma ya jiko miaka, hakuna aliyeutazama. Huu mpya umeandikwa ubavuni kuwa ni wa gesi, na una mwaka uliotengenezwa. Ukiona mpira hauna maandishi, uache. Mpira wa maji wa kumwagilia bustani usijaribu kabisa, gesi inauharibu kwa ndani na nje utauona mzima. Urefu mita moja na nusu unatosha, na usipite nyuma ya moto.

Kasoro yake: vibano walivyoviweka pakitini ni vya bati jepesi, nimekaza mara moja kimeruka. Nimenunua vya skrubu kwa fundi. Tazama nnavyopaka povu pale mpira unapoingia... hakuna kitu. Sasa nalegeza kibano kidogo makusudi. Unaona? Linatoka pele moja, linavimba polepole kama kaimati kwenye mafuta. Hivyo ndivyo uvujaji unavyoonekana. Wapo wanaopima kwa kiberiti, nimewaona kwa macho yangu. Nafunga koki, nakaza.

Cha tatu ndicho mlichoniuliza sana, kengele ya gesi. Bei yake ni kama ya kuku wawili wa kienyeji. Muuzaji aliniambia niipige misumari juu, karibu na dari. Ningemsikiliza ingekuwa pambo. Kengele ya moshi ndiyo hukaa juu, kwa vile moshi hupanda. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, propani mara moja na nusu, butani karibu mara mbili, kwa hiyo inateremka, inatambaa sakafuni, inatafuta shimo. Kengele yake hukaa chini, kama sentimita 30 kutoka sakafuni. Yangu ile pale, usawa wa goti.

Fanyeni hesabu nami. Jiko la mita tatu kwa tatu, dari mita 2.7. Gesi ikifika kama asilimia 2 ya hewa, cheche inatosha. Lita moja ya gesi ya maji hutanuka ikawa lita 270 hivi. Basi lita mbili, yaani kama kilo moja tu, zinatosha jiko zima. Na kwa kuwa inajikusanya chini, kule chini hatari inafika mapema zaidi. Na hata mtungi mdogo wa kilo 3 una zaidi ya hapo.

Kuna jambo jengine linalonifanya niitake kengele. Pua huzoea. Siku ile sisi tuliokuwa ndani hatukunusa, aliyenusa ni aliyetoka nje. Ila nunua yenye betri pia, hii ya kuchomeka peke yake umeme ukikatika nayo inalala. Waliokuwepo Unguja kwenye giza la miezi mitatu, 2009 kuingia 2010, hawahitaji kuelezwa.

Mtungi wenyewe, mimi nimeutoa nje kabisa, hapa kivulini, umesimama wima, hauegemei. Ukilala, gesi ya maji inaingia kwenye regulata na moto jikoni unaruka. Nimeunyanyua juu ya matofali mawili maana sakafu ya saruji ina unyevu na hewa yetu ina chumvi. Geuza wako uangalie kitako, kutu inaanzia kule usikokuona. Siku ya kubadilisha, mtungi wenye kutu ya kubanduka magamba mrudishie mwenye duka hapo hapo. Usiuweke karibu na mdomo wa kisima wala karo, nimeshasema gesi inatafuta shimo. Walio ghorofani Michenzani au vyumba vya Mji Mkongwe hawana ua, basi uwe karibu na dirisha au mlango wa roshani, si chini ya ngazi, si kabatini, si chumba cha kulala. Mtungi ulioisha nao funga koki yake, mvuke haujaisha wote.

Na sie tuna moto wetu wa ziada. Wali wa nazi unapaliwa makaa juu ya kifuniko, na seredani inawekwa wapi? Pembeni ya mtungi, kwa sababu ndipo penye nafasi. Alhamisi jioni chetezo kinazungushwa nyumba nzima, udi unafuka, kaa jekundu linapita usawa wa magoti, kule kule gesi inakotambaa. Mie sasa chetezo hakipiti jikoni mpaka koki ifungwe.

Ukinusa: funga koki, fungua milango na madirisha, toa watu. Swichi usiiguse, si kuwasha si kuzima, na friji usiichomoe. Simu ya zimamoto piga ukiwa nje.

Yule kijana anayeleta mitungi kwa Vespa ameilaza miwili miguuni, mpenzi wangu, nakuona. Isimamishe, na kifuniko cha koki kiwemo. Nawe uliyepokea, uache usimame kidogo kabla hujaufunga regulata.

Mmoja kaniuliza kama kengele inalia ovyo. Mara moja tu, Ijumaa iliyopita, mavyaa alipojipulizia marashi karibu nayo. Spiriti ya kwenye marashi inaidanganya. Nikaenda sokoni nikanunua doriani, nikalipasua mbele yake, nikangoja. Kimya. Mavyaa kaangalia, kachukua kokwa yake, kasema mashine gani hii, inakataa marashi inakubali doriani.