Turbo au Injini Nyingine kwa Gari la Zamani?

Kwa mwenye Toyota Mark II GX100 yenye injini ya 1G-FE, kufunga turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili kuongeza nguvu) ni nafuu mwanzoni. Lakini injini hiyo iliundwa bila turbo na mgandamizo wake wa hewa na petroli ni mkubwa, hivyo petroli ikipungua kwenye mchanganyiko huo, pistoni huweza kupasuka, na foleni za Dar es Salaam huielemea zaidi rejeta. Injini ya mtumba ya 1JZ-GTE, lita 2.5, huja na turbo ya kiwandani na hustahimili zaidi, ila hudai mfumo wake wa nyaya, gia boksi imara, na namba mpya ya injini kwenye kadi ya gari. Matunzo hayatofautiani sana: zote hutaka oili safi.

Injini yako ikiwa nzima, turbo ya presha ndogo yatosha. Ikiwa inakula oili, afadhali kubadilisha injini yenyewe, na kabla ya kulipa Kariakoo fungua kifuniko cha oili cha hiyo ya mtumba, kwani tope jeupe laweza kuashiria maji yameingia.